Usiving'oe visiki kabla ya mvua

Wakulima wa Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, najua mapanga yameshanolewa na viberiti viko mifukoni. Kabla hujachoma shamba, lizunguke kwanza uangalie visiki. Kisiki cha mgunga kilichokatwa miaka mingi nyuma bado kina mizizi iliyozama chini, ndiyo maana huchipua hata mwaka wa kiangazi kikali. Hicho ndicho kisiki hai. Kwa mkulima asiye na fedha ya miche, sioni pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine uyakate kwa kisu kikali. Panga butu hupasua gome. Pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa chenye rangi kwenye shina ili vibarua na wachungaji wajue mti huo una mwenyewe. Matawi ni kuni, majani yaache yafunike udongo.

Sehemu kubwa ya Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Juu ya udongo mtupu maji hayazami. Yanakimbilia makorongoni, yanaingia Kinyasungwe, yanashuka Mkondoa hadi Kilosa, ambako mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kuharibu reli ya kati. Huku nyuma mtama wako unakunja majani kwa kiu.

Ukishamaliza visiki, chimba makinga maji ya fanya juu: mtaro unaokata mteremko, udongo ukirushwa upande wa juu. Pima kwa fremu A, yaani miti miwili ya mita mbili, mmoja wa kukatiza, na kamba yenye jiwe. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote iko usawa mmoja. Usikadirie kwa macho. Mtaro ukiinama kidogo tu, maji hujaa upande mmoja, tuta linakatika, nawe umejichimbia korongo. Juu ya tuta panda vetiva, au mabingobingo palipo na unyevu.

Kazi hii ni nzito, na bibi anayelea wajukuu peke yake haiwezi. Chimbeni kwa zamu, mkianza na shamba la juu kabisa mlimani, hata kama mwenyewe ni mvivu, kwa sababu maji yake ndiyo yatakayobomoa matuta ya wote walio chini.

Mwenye bustani kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingoni. Najua udongo wa pale ni mtamu, lakini matete yaache.

Nanyi viongozi wa vijiji, itisheni mkutano wa mifugo mwezi huu. Mbuzi wakiachwa wazurure, machipukizi yote yataliwa kabla ya mvua ya kwanza.