Dizeli Ikivuta Hewa

Wakulima wa skimu, mwezi huu somo letu ni la gari, si la jembe. Lakini jembe na gari sasa ni ndugu. Msimu wa maembe ukifika, mavuno ya Matiliku hayana faida mpaka yafike sokoni, na embe lililoiva halingoji mtu.

Mkulima mmoja wa upande huu alikuwa na pikapu ya dizeli ya zamani. Kila asubuhi ilikataa kuwaka mpaka isukumwe. Akanunua betri mpya, haikusaidia. Akauza mbuzi wawili, akatengeneza stata, haikusaidia. Siku moja ikazimika njiani ikiwa imejaa maembe ya kupeleka Kalamba. Maembe yakakaa juani siku mbili, na nusu yake yakatupwa. Kumbe ubovu ulikuwa klipu moja iliyolegea kwenye mpira wa mafuta, karibu na tangi. Bei ya klipu ile haifikii bei ya kuku.

Yafaa basi kila mwenye pikapu, trekta au pampu ya maji ya dizeli ajue jambo hili.

KWA NINI HEWA NI ADUI

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye mashine yake ilifaulu mwaka 1897, alitumia njia nyingine. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kupita digrii 500. Kisha mafuta hupulizwa humo kwa nguvu nyingi, nayo huwaka yenyewe.

Nguvu hiyo hutoka kwenye pampu. Pampu husukuma, na kwa kuwa mafuta hayashindiliki kwa urahisi, hupenya kwenye nozeli. Hewa ikichanganyika nayo, nguvu hupotea. Jaribu mwenyewe kwa bomba la sindano ya ng'ombe, bila sindano yake. Lijaze maji, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma: halisogei. Sasa lijaze hewa, uzibe, usukume: linaingia ndani na kurudi kama mpira. Ndivyo pampu inavyofanya ikivuta hewa. Inasukuma, lakini nozeli haifunguki.

PANAPONYONYA HAPADONDOSHI

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, na ndilo linalowadanganya watu wengi. Mtu huchungulia chini ya gari, akiona hakuna tone la mafuta, husema, "Hapavuji."

Fikiri unakunywa maji kwa mrija wenye ufa. Maji hayaji, wanyonya hewa tupu. Wala hakuna tone linaloanguka chini, kwa sababu ufa unavuta ndani, hautoi nje. Njia ya mafuta toka tangini ni mrija kama huo. Katika pikapu nyingi, njia yote toka tangini mpaka pampu, pamoja na chujio, ni upande wa kunyonya. Katika matrekta mengi kuna pampu ndogo kandoni mwa injini. Nyuma yake ni kunyonya, na mbele yake ni kusukuma. Upande wa kusukuma ukifunguka, utaona mafuta. Upande wa kunyonya ukifunguka, pengine hutaona kitu, ila vumbi lililoshikamana penye unyevu kidogo. Vumbi hilo ni shahidi wako.

DALILI

Gari linakataa kuwaka asubuhi, lakini mchana huwaka upesi. Sababu ni kwamba tangi liko chini kuliko injini. Usiku hewa huingia polepole, na mafuta hurudi tangini. Dalili nyingine ni injini kutetemeka, kukosa nguvu mlimani, au kuzimika mafuta yakipungua tangini.

NAMNA YA KUTAFUTA

1. Pangusa viungo vyote viwe vikavu: penye tangi, penye chujio, penye pampu ya mkono, na penye pampu kubwa. Gusa kila mpira. Ulio mgumu kama mti, au wenye nyufa ukikunjwa, umekwisha.

2. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, karibu na pampu. Washa injini, utazame. Ukiona mapovu, hewa inaingia nyuma ya hapo. Hamisha mpira huo kuelekea tangini, kiungo kwa kiungo. Mapovu yakikoma, umepita mahali penyewe. Kisha uondoe mpira huo, kwa kuwa dizeli huukausha ukapasuka.

3. Kama hujaridhika, weka jerikeni safi la dizeli juu kuliko injini, ulifunge imara, upeleke mafuta moja kwa moja kwenye pampu. Gari lisimame, lisiendeshwe hivyo. Injini ikienda vizuri, ubovu uko kati ya tangi na pampu.

NAMNA YA KUZIBA

Usifunge kwa blada ya tyubu, maana dizeli huivimbisha na kuilainisha. Usipake sabuni, maana huweza kuvutwa mpaka kwenye chujio. Kata ncha ya mpira iliyochoka, au ununue mpira uliotengenezwa kwa mafuta. Weka klipu mpya, uikaze kwa kiasi. Ikikazwa mno, hukata mpira. Washa za shaba zibadilishwe kila kiungo kinapofunguliwa. Chujio jipya lipakwe dizeli kwenye mpira wake kabla ya kufungwa, na mpira wa zamani usiachwe chini yake.

Tena, mafuta ya siku hizi yana salfa kidogo. Kenya na majirani zake walianza kuyatumia mwaka 2015. Marekani ilipopunguza salfa mwaka 1993, mipira ya ndani ya pampu nyingi za zamani ilinywea ikavuja. Mwenye mashine kuukuu asisahau mipira hiyo midogo.

KUTOA HEWA

Ukiisha kuziba, jaza mafuta. Legeza skrubu ya hewa juu ya chujio, upige pampu ya mkono. Povu likiisha na mafuta matupu yakitoka, kaza skrubu huku ukiendelea kupiga. Piga mpaka pampu iwe ngumu mkononi. Kisha washa, lakini usishike stata zaidi ya sekunde 15 bila kuipumzisha.

HADHARI

Usivute sigara kazini. Usifungue mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli za injini za kisasa zenye kompyuta. Nguvu ya mafuta humo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Kazi hiyo mwachie fundi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuuza mbuzi, shika tambara na bisibisi, ukague viungo kuanzia tangini. Fanya hivyo sasa, kabla maembe hayajaiva.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kiungo kinachovuta hewa huenda kisidondoshe mafuta?
2. Kwa nini gari hukataa kuwaka asubuhi, lakini si mchana?
3. Taja vitu viwili visivyofaa kuzibia, na sababu zake.

Wasomee majibu yako vijana wa nyumbani. Huenda wao ndio watakaokuwa njiani siku gari litakapozimika.