Fedha za Pamba Katika Wilaya ya Poinsett

Mkulima yeyote anajua kwamba mazao yakizidi sokoni bei huanguka. Jambo hilo liliwapata wakulima wa pamba wa Marekani. Katika mwaka 1929 ratili moja ilikuwa na bei ya zaidi ya senti 16. Kufika 1932 ilikuwa kama senti 6 tu. Kwa hiyo mwezi wa Mei, 1933, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitunga sheria ya kumlipa mkulima ili apunguze shamba lake. Mwaka ule ule pamba iliyokwisha kuota katika ekari zipatazo milioni 10 ilifukiwa kwa plau. Fedha za namna hii, ambazo serikali hutoa ili kumtegemeza mkulima, huitwa ruzuku.

Sasa tuitazame wilaya moja, Poinsett, katika jimbo la Arkansas. Wengi waliolima pamba huko hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la bwana, wakagawana naye mavuno, na chakula walikikopa mpaka wakati wa kuvuna.

Mkataba wa 1934 na 1935 ulikuwa hivi. Kwa kila ratili ambayo ardhi iliyolazwa ingalizaa, serikali ililipa senti 4 na nusu. Senti 3 na nusu zilikuwa kodi ya ardhi, nazo zote ni za mwenye ardhi. Senti 1 iliyobaki iligawanywa kama mavuno yalivyogawanywa, nusu kwa nusu. Basi tufanye hesabu ya ratili 1,000. Serikali ilitoa dola 45: mwenye ardhi alipata dola 40, na mpangaji aliyelima alipata dola 5. Tena hizo 5 zilipitia mkononi mwa bwana, ambaye ndiye aliyeandika daftari la madeni.

Lakini haya yalikuwa madogo. Kupunguza pamba ni kupunguza kazi, na mpangaji asiye na kazi alifukuzwa hata nyumbani. Mkataba ulimtaka bwana asipunguze wapangaji wake, “kadiri iwezekanavyo”. Maneno hayo yalikuwa mlango mpana kabisa! Aliyeonewa alipeleka mashtaka kwa kamati ya wilaya, na katika kamati hizo wenye mashamba ndio waliokuwa na nguvu.

Mwezi wa Julai, 1934, watu 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana karibu na mji mdogo wa Tyronza, katika wilaya hiyo, wakaunda chama cha wakulima wapangaji. Wakati ule watu wa rangi mbili kuketi katika chama kimoja kulihitaji ushujaa, na wanachama walipigwa na kutishwa kwa bunduki. Huko Washington wanasheria wa serikali walishauri kwamba mkataba usomwe kwa namna ya kumlinda mpangaji. Februari 1935 Waziri wa Kilimo, Henry Wallace, aliukataa ushauri huo, na baadhi yao wakaachishwa kazi.

Januari 1936 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ile. Sheria zilizofuata zilimwongezea mpangaji fungu lake, akalipwa mwenyewe. Ndipo wenye ardhi wengine walipoona afadhali kuajiri vibarua, maana kibarua hana fungu katika mavuno wala katika ruzuku. Januari 1939, katika jimbo jirani la Missouri, watu zaidi ya elfu moja waliofukuzwa mashambani walipiga kambi kando ya barabara kuu, katika baridi kali.