Uhami wa mota ya kilovolti 11: usiamini namba moja

Mota ya kilovolti 11 inayozungusha kinu cha saruji ikisimama wiki kadhaa wakati wa masika, unyevu huingia kwenye koili. Siku ya kuiwasha, fundi hupiga mega (kipima uhami) dakika moja, akaona namba kubwa, akaruhusu umeme. Kipimo hicho hakitoshi kukujulisha kama uhami ni mzima.

1. Anza na usalama. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, hakikisha hakuna umeme, kisha unganisha koili na ethi. Fungua kebo, la sivyo utakuwa unapima kebo na mota kwa pamoja.

2. Pima dakika 10. Ondoa ethi, tumia mega ya volti 5,000. Andika kipimo cha dakika ya 1, cha dakika ya 10 na joto la koili. Gawa cha 10 kwa cha 1: koili za kisasa zinatakiwa kutoa 2 au zaidi. Tuseme mota mbili zote zimeanza na megaomu 300. Moja inapanda hadi 900, uwiano 3: ni kavu. Nyingine inaishia 360, uwiano 1.2: umeme unavuja kwenye unyevu au uchafu. Kipimo cha kwanza kikizidi megaomu 5,000, uwiano huu hautegemewi tena.

3. Zingatia joto. Joto likipanda nyuzi 10, ukinzani hupungua kwa takriban nusu. Megaomu 300 kwenye nyuzi 30 ni kama 150 kwenye nyuzi 40, ambako kiwango cha chini ni 100.

4. Fungua daftari. Mota iliyotoa 2,000 mwaka juzi, 900 mwaka jana na 400 leo, kwa joto lilelile, bado imevuka kiwango, lakini inaporomoka. Ipangie usafi mapema.

5. Tumia macho. Baada ya kutoa chaji (hatua ya 6), kagua ncha za koili. Unga mweupe ni dalili ya cheche ndogo zinazokula uhami taratibu, na mega haizioni. Ita wataalamu wa kupima cheche hizo.

6. Toa chaji. Mara tu baada ya kupima dakika 10, kabla ya kugusa koili, rudisha ethi kwa dakika 40 au zaidi. Chaji iliyobaki kwenye koili inaweza kuua.

Uwiano ukiwa chini ya 2, na kipimo cha kwanza hakijazidi megaomu 5,000, usiwashe hata kama uzalishaji unasubiri. Safisha, washa hita za ndani, kausha, kisha pima upya.