Utata katika Hadithi za Chunusi: Somo kwa Madarasa ya Bara

Mtoto wa Tunduma aghalabu huijua bahari kwa malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, yakielekea Zambia na Kongo. Mwalimu atakaye kumsomea hadithi ya chunusi, yule jini asemwaye kuwavuta watu majini, hana budi kuanza na maji yaliyo karibu. Juu ya Ziwa Nyasa huonekana wakati mwingine nguzo nyeusi mfano wa moshi. Ni vijidudu visivyohesabika virukavyo pamoja. Waulize wanafunzi wanadhani ni nini kabla ya kuwaeleza. Katika kitambo hicho cha kudhani ndimo utata ukaamo.

Kisha andika ubaoni sentensi mbili: "Juma akavutwa chini" na "Juma akavutwa chini na chunusi." Kitenzi ni kile kile cha kutendwa, bali sentensi ya kwanza haimtaji mtenda. Je, ni mkondo? Ni kamba ya nanga? Ni chunusi? Lugha yetu yaruhusu mtenda kufichwa bila sarufi kuharibika, na mtunzi stadi huitumia ruhusa hiyo. Hapa usiharakishe, kipindi kizima chaweza kuishia kwenye neno hilo "na". Ongeza sentensi ya tatu: "Mkewe alisema ni chunusi." Nani anasema sasa, msimulizi au mhusika? Wengi wa darasa la sita watachanganya.

Si kila hadithi ya ajabu ina utata. Katika *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert majini wapo bila shaka yoyote. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa hufumbua fumbo, na hofu ya mzimu huondoka. Hadithi tuizungumzayo haifanyi hili wala lile.

Mtoto atauliza: "Mwalimu, chunusi yupo kweli?" Mjibu kwamba wapo watu wanaoamini, kisha mrudishe kwenye maandishi: hadithi yenyewe imesema nini? Hatari za mkondo na za vilindi zifundishwe waziwazi katika kipindi cha sayansi, wala zisiachiwe jini. Na ikiwa darasani yumo mtoto aliyefiwa na ndugu kwa kuzama, chagua hadithi nyingine.