Saratani ya damu haiko ya aina moja

Wengi hapa Pajulu husema saratani ya damu ni kifo tu. Mambo hayako hivyo. Ile inayoanza ghafla ina aina nyingi, na tofauti imo katika kromosomu, nyuzi za ndani ya seli.

Kuna aina ambayo kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Zamani watu wazima wenye aina hii walipona kwa nadra. Tangu miaka ya 2000, vidonge vya imatinibu pamoja na dawa nyingine vimewaongezea maisha. Nyingine ni ya kromosomu 15 na 17. Hiyo huua haraka kwa kutokwa damu, lakini ikiwahiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A na aseniki (ndiyo, ile sumu), wengi hupona.

Kasoro hizi haziambukizi, na kwa kawaida hazirithiwi.

Ukiwa na homa isiyoisha hata baada ya dawa za malaria, viganja vyeupe, fizi zinazotoka damu au michubuko bila kuumia, wahi kituo cha afya upimwe damu. Ukipewa barua ya kwenda Taasisi ya Saratani, Mulago, usiikalie. Huko huchoma sindano kwenye nyonga kutoa uboho. Inauma, tusidanganyane, lakini ndiyo humwonyesha daktari dawa ya kuchagua.