Chai ya Alasiri Isiyo na Ngano



Safari yetu ya kuwatembelea wakulima wenzetu wa Lushoto imekaribia, na siku ya pili ni zamu yetu sisi wageni kuwaandalia wenyeji chai ya alasiri. Watu watakuwa kiasi cha 80, na fedha iliyotengwa mwaijua. Tumearifiwa pia kwamba miongoni mwa watoto wa wenyeji wamo wawili ambao daktari amewakataza ngano kabisa. Basi somo letu la mwezi huu ni chai hiyo.

Kwanza ijulikane kuwa huu si udeko wa watoto. Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni, nacho ndicho kinacholifanya donge la unga livutike. Mwenye ugonjwa wa siliaki akila gluteni, mwili wake huushambulia utumbo wake wenyewe, hata chakula kisimfae. Mtoto huharisha, hukonda na hudumaa. Dawa hakuna ila kuiacha ngano maisha, pamoja na ndugu zake wawili, shayiri na rai. Daktari wa Kiholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyelivumbua jambo hili. Katika njaa ya baridi ya 1944 hadi 1945, ngano ilipoadimika Uholanzi, watoto wenye maradhi haya walipata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena.

Sasa tazameni sinia zetu za kawaida: maandazi, sambusa, visheti, keki. Zote ngano. Wako watakaosema watoto wale watengewe sahani yao. Mimi sioni hivyo. Mapishi mawili yataka makarai mawili na mafuta mbalimbali, kwani mafuta yaliyokaangiwa maandazi hayawafai tena, wala chekeche lililopita unga wa ngano. Meza nzima isiyo na ngano ni nafuu kwa mfuko wetu, na hapana mtoto atakayekaa pembeni akitazamwa.

Tena Lushoto ndipo mahali pake, maana viazi, ndizi na mahindi hulimwa papo hapo milimani. Viazi kilo 12 vyatosha. Vichemshwe, vikatwe, vichovywe katika unga wa dengu uliokorogwa kwa ndimu, chumvi na bizari, kisha vikaangwe. Dengu tununue nzima tuisage wenyewe, kwani unga wa dukani hujui umepitia mashine gani.

Lakini fahari ya meza iwe vitumbua. Kilo 1 ya mchele hutoa kiasi cha 40, basi kwa viwili viwili twahitaji kilo 4. Mchele tununue Mombo, bondeni, kabla ya kupanda mlima, kwani hulimwa pale. Nazi tuchukue kwetu. Mnazi hauoti kwenye baridi ile. Na baridi hiyo ina mambo yake: uji wa vitumbua ambao huku huumuka kwa saa moja, kule huenda ukataka saa mbili au zaidi. Ufunikwe, uwekwe karibu na jiko, wala mtu asiongeze hamira kwa haraka zake, vitumbua vikaja kunuka. Wapishi wengine hutia kijiko cha unga wa ngano, ati vishikane. Kijiko hicho ndicho ugonjwa wenyewe.

Tuongeze kashata za karanga na ndizi mbivu. Katika chai tutie tangawizi, iliki na mdalasini. Karafuu ni zetu, punje tatu nne kwa birika, si konzi, ingawa najua tutataka kujionyesha.

Huenda wenyeji wakatuletea mkate wa rai wa shamba la Irente, nao wasifika. Tuupokee kwa shukrani, uliwe kesho yake. Wala mtu asiwasihi watoto wale waonje kidogo tu cha ngano; makombo hutosha kudhuru.

Mwanachama mwenye mtoto wa dalili kama hizi ampeleke hospitali akipimwe damu kwanza, kabla ya kumwachisha ngano, kwa sababu akishaiacha kipimo huweza kisionyeshe kitu.

Wenye makarai na vyuma vya vitumbua ambavyo havijapata kupikiwa ngano waniletee majina yao afisini kabla ya Ijumaa.

Katibu