Somo: Mama Anyonyeshaye na Kazi ya Mshahara

Ndugu wakatekumeni, wapo watu wasemao: "Mama apokeaye mshahara na amsahau mtoto mpaka jioni, kazi ni kazi." Leo tutajifunza kwamba neno hilo si la haki.

Tutazame kwanza hapa kwetu Kindu. Mama akaaye Alunguli na kufanya kazi Kasuku huvuka mto Lualaba asubuhi. Mtoto wake wa miezi 4 hubaki ng'ambo pamoja na nyanya yake. Ifikapo saa nne maziwa yamemjaa mama, na huko nyumbani mtoto analia. Wafanyeje?

Swali: Sheria yasemaje?

Jibu: Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yampa mama wiki 14 za kuacha kazi kwa ajili ya kuzaa. Tena, akirudi naye ananyonyesha, ana haki ya mapumziko 2 kila siku, kila moja nusu saa. Muda huo hulipwa kama saa za kazi. Basi bwana wa kazi amkataye mshahara kwa ajili hiyo amevunja sheria, na amri ya saba pia.

Swali: Kwa nini mtoto asingoje jioni?

Jibu: Kwa sababu maziwa hufuata kunyonywa. Mtoto akinyonya mara nyingi, huongezeka. Ziwa likikaa limejaa kila siku, huuma, na maziwa hupungua. Naye mtoto hahitaji chakula kingine wala maji mpaka atimize miezi 6. Kisha yafaa aendelee kunyonya pamoja na kula, hata miaka 2 na zaidi.

Swali: Je, nusu saa yatosha kuvuka mto na kurudi?

Jibu: Haitoshi. Kwa hiyo heri nyanya avuke pamoja na mtoto, akae karibu na kazi. Naye bwana wa kazi atoe chumba kidogo safi, chenye kiti na mlango. Isipowezekana, mama anawe mikono, akamue maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Swali: Nasi wa kijijini, yatuhusu nini?

Jibu: Wewe umwitaye mwanamke alime shamba lako kwa malipo, usimpunguzie chochote kwa sababu alikaa kivulini kunyonyesha. Nawe mume, usione haya kumbeba mtoto umpelekee mama yake kazini.

Jiulizeni nyumbani: Katika kijiji chetu, nani anyonyeshaye huku akifanya kazi ya mwingine, naye hupewa nafasi gani?